Vijana waende Arava kusomea kilimo cha jangwani, au tujifunze kwa majirani?

Kiangazi: Wadau naomba tujadili hili. Vijana toka Kenya, Ethiopia, mpaka Nepal wanapelekwa Arava, jangwani Israel, wanakaa karibu mwaka mzima wanafanya kazi mashambani huku wanasoma. Mimi nasema serikali zetu zitafute nafasi zaidi. Kule mvua haifiki milimita 50 kwa mwaka na bado wanauza pilipili hoho Ulaya, sisi kwenye ukame wetu tunapata mara kadhaa ya hiyo na tunalia njaa. Shida wakulima wetu hawataki kubadilika, na mbuzi wanazurura wanamaliza kila kinachoota.

Samadi: "Hawataki kubadilika" imeniuma mkuu. Mwaka 1989 wakulima 13 toka Illéla, Niger, walivuka mpaka kwenda Yatenga, Burkina Faso, kuangalia mashimo ya zai. Hakuna chuo hakuna cheti, waliporudi wakachimba kwao, majirani wakaona mavuno wakaiga. Unachimba kiangazi ardhi ikiwa imekauka ngumu, kina kama sentimita 15 au 20 hivi, unatia samadi, mchwa wanaifuata wanatoboa udongo chini, mvua ya kwanza maji yanazama badala ya kukimbia. Hao ndio hawataki kubadilika?

Matone: Zai ni ya mtama na uwele, haitoi hoho za kuuza nje. Dripu kama ya Arava, mipira yenye matundu, inamwaga maji kwenye mzizi tu, tone tone, na mbolea unapitisha humo humo. Tuache kuogopa teknolojia.

Samadi: Nani kaogopa? Jibu hili: maji yana chumvi, matundu yameziba, filta imekufa, kipuri kinatoka wapi? Mradi ukiisha mipira inabaki shambani inapigwa jua. Yacouba Sawadogo, mkulima wa zai wa Burkina, watu walimwita kichaa akaendelea na jembe lake, 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Huyo ndiye mwalimu.

Binti wa Baringo: Mimi narudi kwa mbuzi. Kaka Kiangazi, mbuzi wamekukosea nini? Unajua mathenge, ule mti wa miiba? Uliletwa kwetu Baringo, Kenya, miaka ya 80, mradi wa serikali na FAO, shirika la chakula la UN, hiyo hiyo habari ya kuzuia jangwa, wataalamu wakasema mti mzuri haufi na ukame. Kweli haufi. Umekula malisho, na maganda yake matamu, mbuzi akiyazoea sukari inaozesha meno yanang'oka, hawezi kutafuna anakufa njaa nyasi ziko mbele yake. 2006 Wailchamus, wafugaji wa huku kwetu, walienda kortini Nairobi na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Sasa ukisema ujuzi wa nje huku unalaumu mbuzi mimi damu inachemka.

Matone: Dada pole, lakini mathenge na dripu wapi na wapi? Halafu si mnachoma mkaa mnauza?

Binti wa Baringo: Mkaa! Umewahi kukata mathenge wewe? Mwiba unapita soli ya kiatu. Ukikata juu ya ardhi kisiki kinachipuka matawi mengi kuliko mwanzo, lazima uchimbe ukate chini kabisa. Hiyo kazi nani alitufundisha? Mti walituletea, namna ya kuuzuia hawakutuletea.

Mwana Turkana: Na huku kwetu umejaa mpaka kando ya mito. Binti yuko sahihi.

Kiangazi: Jamani mada ilikuwa mafunzo ya Arava.

Samadi: Mada ni hii hii. Anayefundisha akishapanda ndege, mkulima anabaki na nini.

Kiangazi: Basi niulize hivi, dada Binti. Wakija wataalamu wengine kesho, mngetaka waandike nini kabla hawajapanda kitu?

Binti wa Baringo: Waandike nani atalipa kikiharibika. Na wasaini mbele ya wenye mifugo, sio ofisini na chifu peke yake.

Matone: Hakuna mfadhili atasaini hiyo.

Binti wa Baringo: Basi asilete mbegu.