Kipimo cha RNA cha kifafa kinapatikana Tanga? Nina haraka

Mtoto wa Makorora: Habari wakuu. Mdogo wangu wa kike ana kifafa tangu darasa la nne. Nasikia kuna kipimo cha damu kinachosoma RNA, kinaonyesha ugonjwa upo au umeisha. Hapa Tanga nakipata wapi?

Pweza Mkavu: Mapango ya Amboni. Beba ubani.

Bi Shumi: Usimcheke mwenzio. Marehemu baba mdogo aliangukia moto, watu wamesimama wanaogopa povu, eti linaambukiza! Mkono ukapinda moja kwa moja. Na alikuwa fundi ngalawa, pwani yote ya Kigombe wakimjua.

Nesi Mstaafu: Unachosikia ni maikro-RNA. RNA ni nakala za jeni; maikro-RNA ni vipande vifupi vyake visivyounda protini, vinadhibiti jeni. Wanasayansi Ambros na Ruvkun walipewa Nobel 2024 kwa kuvigundua. Ni kweli watafiti wamekuta viwango vya baadhi, kama miR-134 na miR-146a, vinatofautiana kwenye damu ya wenye kifafa. Ila hayo ni makundi ya watu kwenye utafiti, si cheti cha mtu mmoja. Hata chembe nyekundu zikipasuka kichupani, majibu yanavurugika. Haraka ya nini?

Mtoto wa Makorora: Jumamosi wanakuja watu wa posa.

Mzee wa Barazani: Aaa, kumbe! Mnataka kuuza mbuzi kwenye gunia. Ndoa haifichwi kitu, kijana.

Nesi Mstaafu: Dawa anameza?

Mtoto wa Makorora: Tumezisimamisha tangu Ijumaa ili damu isome safi. Kuna kijana anapeleka sampuli Dar, nusu ya hela ameshachukua. Msinihukumu, mwaka mzima hajaanguka.

Nesi Mstaafu: Hajaanguka kwa sababu ya dawa! Ukizikata ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika, na linaua. Dawa gani?

Mtoto wa Makorora: Valproate.

Nesi Mstaafu: Basi swali lako ni hilo. Valproate inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Binti anayeolewa aongee na daktari mapema, aone kama atabadilishiwa, tena taratibu.

Mla Chapati: Hii chai. Kijana wa sampuli, nusu ya hela, posa Jumamosi... Mleta mada ndiye dalali wa maabara. Subirini namba ya simu.

Mtoto wa Makorora: Namba ipi? Mwenyewe hapokei tangu jana.

Pweza Mkavu: Chai ya tangawizi kabisa.

Nesi Mstaafu: Chai au uji, leo hii mpeleke hospitali na boksi la dawa, dozi usikisie. Akianguka mlaze ubavu, kijiko mdomoni usitie. Ikipita dakika 5, mkimbize.

Bi Shumi: Na wakwe waambieni. Mke wa baba mdogo aliambiwa kabla, akaolewa, akazaa watano.

Mtoto wa Makorora: Mama hataki wakwe wajue. Hospitali ya Bombo saa hizi nitamkuta daktari?

Mla Chapati: Nenda mapokezi ya dharura. Na kama si chai, samahani.