Naomba ushauri: umeme ukikatika, niokoe vipi tangi dogo la matumbawe?

Wakuu, habari zenu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 60, lenye matumbawe laini na samaki wawili. Juzi umeme ulikatika usiku tukiwa tumelala. Alfajiri nikawakuta samaki wako juu kabisa wanahema kwa shida, matumbawe yamejikunja. Nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, mpaka umeme uliporudi. Hakufa hata mmoja, lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Ninavyoelewa, giza la siku moja si tatizo. Kinachoua upesi ni maji kusimama na oksijeni kuisha, kisha joto kubadilika, na tangi dogo hubadilika haraka. Chakula siwapi kabisa umeme ukiwa umekatika.

Sasa nichague lipi: pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, au betri ya volti 12 na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya kuendesha pampu ya mkondo, ile inayozungusha maji ndani ya tangi? Nahofia inveta yenyewe inakula chaji. Na hita mnaiunganisha kwenye betri, au mnafunika tangi kwa blanketi tu? Aliyewahi kuvuka saa kumi au zaidi bila umeme anieleze alivyofanya, tafadhali.