Kesi ya Lotus: meli zikigongana bahari kuu, nani mwenye kushtaki?

Chumbageni_Sheria:
Shikamooni wakubwa. Nasoma sheria mwaka wa pili, niko nyumbani Tanga likizo. Tumepewa kesi ya Lotus tuiandikie. Nimemsimulia mjomba, nahodha wa jahazi la mizigo la Pemba, akasema haiwezekani afisa wa meli ya Ufaransa afungwe na Waturuki kwa ajali ya bahari kuu, isiyo ya nchi yoyote. Nami naona hivyo hivyo. Imekuwaje kesi hii ikaitwa msingi wa sheria ya kimataifa?

Baharia_Raskazone:
Marahaba mwanangu. Nimekula chumvi nyingi kwenye meli za bendera za watu, na kesi hii maafisa wanaoongoza meli wanaijua.

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1926, Lotus ya Ufaransa iligonga Boz-Kourt, meli ya makaa ya Waturuki. Boz-Kourt ikakatika vipande viwili, Waturuki 8 wakafa. Lotus ikaokoa waliobaki, ikaendelea na safari hadi Constantinople (Istanbul ya leo). Huko Luteni Demons, afisa wa Lotus aliyekuwa zamu, akakamatwa. Vitabu vyenu humruka haraka Hassan Bey, nahodha wa Boz-Kourt, naye alishtakiwa, tena adhabu yake ikazidi kidogo ya Mfaransa, aliyepewa siku 80 na faini ya pauni 22. Kwa hiyo usiandike kwamba Waturuki walimwonea mgeni.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Ufaransa ilitaka ionyeshwe sheria inayoiruhusu Uturuki kushtaki. Uturuki ikajibu, tuonyesheni inayotukataza. Tarehe 7 Septemba 1927 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa kule The Hague ikaipa haki Uturuki: dola ni huru, na mipaka ya uhuru wake haidhaniwi tu, lazima ithibitishwe. Lakini majaji walikuwa sita kwa sita! Kura ya rais, Max Huber, ndiyo iliyoamua. Msingi gani huo wa kusimama mguu mmoja?

Mjomba wako alishinda baadaye, kwa mikataba. Ibara ya 97 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 inasema ajali ya namna hiyo bahari kuu, afisa atashtakiwa na nchi ya bendera ya meli (ilikosajiliwa) au nchi yake ya uraia, basi. Ila asijidanganye: njia yake ya Pemba si bahari kuu. Akigonga ngalawa ya watu huko, kesi ni ya hapa hapa.

Ngamiani_Barabara12:
Kwa sisi wa mnada wa samaki Deep Sea, kesi ni Paquete Habana, 1900. Vita vya Marekani na Hispania, Wamarekani wakakamata mashua mbili za wavuvi wa Cuba, moja ina watu watatu tu, na samaki wao wabichi, wakaziuza mnadani. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mvuvi wa pwani hatekwi vitani, rudisheni fedha za mnada.

Chumbageni_Sheria:
Mzee Baharia, hiyo si ni mahakama ya nchi moja tu? Naweza kuitaja?

Baharia_Raskazone:
Itaje. Majaji walifukua desturi za mataifa kuanzia amri ya mfalme wa Uingereza ya 1403, wakaonyesha desturi inavyogeuka sheria bila mkataba. Kwenye Lotus Ufaransa ilijaribu njia hiyo hiyo ikakwama: ilileta mifano ya nchi zilizoacha kushtaki, mahakama ikasema kuacha tu hakutoshi, lazima ziwe ziliacha kwa kujua zimefungwa na sheria. Hapo ndipo pa kuandika kurasa nyingi.