Ayalandi: Lynch alitaja majina, kisha ikawaje?

Muulizaji: Wakuu, nahudumia wazee kaunti ya Louth, Ayalandi. Juzi nikimlisha bibi mmoja uji, nikamwuliza habari za nyumba ya Wildgoose Lodge. Akashika mkono wangu wenye kijiko, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Lynch alitaja majina." Kulitokea nini?

Jibu 1: Edward Lynch, mwenye nyumba hiyo, alikuwa mkulima Mkatoliki. Aprili 1816 walimvamia Ribbonmen, chama cha siri cha wanavijiji Wakatoliki kama yeye, wakitaka silaha. Akawatambua mahakamani, watatu wakanyongwa. Usiku wa kuamkia 30 Oktoba wenzao wakarudi na moto. Waliteketea watu 8, pamoja na mtoto mchanga.

Muulizaji: Mtoto naye? Alikosa nini?

Jibu 2: Hakukosa kitu, ndugu yangu. Mimi sitawatetea hata kidogo, ingawa najua wapangaji wa mashamba walibanwa na kodi na zaka. Lakini kilichofuata nacho kinaniuma. Wakanyongwa 18, wengi kwa ushahidi wa watoa habari waliotaka kuokoa shingo zao. Patrick Devan, mwalimu wa kijiji, alinyongwa Julai 1817 palepale kwenye magofu, na maiti yake ikaachwa ikining'inia hadharani. Yaani aliyetaja majina aliuawa, na waliomwua wakaangamizwa kwa majina kutajwa tena. Bibi wako amerithi hofu hiyo.

Muulizaji: Ahsanteni. Kesho nina zamu kwake. Sitamwuliza tena, nitamsubiri aanze mwenyewe.