Re: Nimepata kazi Malta, nifungashe nini?

Kutoka: Binti wa Tanga
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za saa hizi.

Nimekuwa nasoma kimyakimya humu karibu mwaka. Leo nimebanwa, ndiyo maana naandika. Nimepata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Malta. Kibali kimetoka, tiketi ni ya mwisho wa mwezi. Wakala alinitumia karatasi mbili tu, moja ya mshahara na nyingine ya picha za bahari. Nikimuuliza nchi yenyewe ikoje, ananijibu "ni Ulaya dada, usihofu." Mama kaniuliza ni nchi ya nani na anatawala nani, nikabaki nakodoa macho.

Mlioko huko, nisaidieni. Watu wakoje? Nifungashe nini? Na Kiingereza changu cha kidato cha nne kitanivusha?

---

Kutoka: Dada wa Mosta
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni wa Mombasa, niko hapa mwaka wa saba, na kazi yangu ni hiyohiyo yako, kwa hiyo umegonga mlango wenyewe.

Kiingereza kitakuvusha ofisini, dukani na hospitali. Ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Lakini kwa wazee wetu hakitoshi, na nitakwambia kwa nini.

Mwezi wangu wa kwanza nilipangiwa zamu ya usiku. Kulikuwa na bibi wa miaka tisini na ushei, kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Mchana alikuwa anazungumza Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, maana ujanani aliwafanyia kazi Waingereza bandarini. Jua likizama, Kiingereza kinamwacha. Usiku huo nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani, ananirudia sentensi moja: "Irrid immur id-dar." Mimi naisikia Dar, Dar. Nikajiuliza, huyu bibi Dar es Salaam kaijulia wapi? Kumbe anasema anataka kwenda nyumbani. Nikakaa pembeni yake nikamwambia "id-dar, nanna, id-dar," yaani nyumbani, bibi, nyumbani, basi, akanipa mkoba nimshikie. Baadaye akakubali kuvuliwa viatu.

Tangu siku ile nikaanza kutega sikio. Sikiliza hesabu zao: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija, elf. Umeshazielewa, sivyo? Hiyo għ usihangaike nayo, mara nyingi haisikiki, inavuta tu sauti iliyo jirani yake. X ni sh, ġ ni j yetu, j ni y. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Dunia ni dinja. Pesa ni flus, zile fulusi za bibi zetu. Mwezi wa kalenda ni xahar, na hapo ndipo ulipotoka mshahara wako.

Waarabu walikiteka kisiwa mwaka 870, Wanormani wakaja 1091, watu wakawa Wakatoliki wa kufa na kuzikana, lakini lugha ikabaki na mizizi yake ya Kiarabu. Juu yake wakapandikiza Kisisilia na Kiitaliano, ndiyo maana asubuhi utasikia "bonġu" na ukimpa mtu kitu atasema "grazzi". Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan. Mimi Muislamu, mara ya kwanza kumsikia padri akitangaza Randan kanisani wakati nimempeleka mzee kwa kiti cha magurudumu, nusura nicheke.

Tahadhari moja: usimwambie Mmalta kwamba anasema Kiarabu. Wapo watakaokubali, wapo watakaonuna wiki nzima. Wewe jua moyoni, hesabu zako zikae kimya.

---

Kutoka: Dereva
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Dada wa Mosta, sisi shuleni tulifundishwa Dar ni Bandari ya Salama, lakini sitaki ugomvi asubuhi.

Binti, mimi naendesha basi, kwa hiyo nchi naijua kwa magurudumu. Yote ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza mara tano na bado ina nafasi. Kuna visiwa vitatu vyenye watu: Malta yenyewe, Gozo ambayo wao wanaiita Għawdex, na Comino ambako wakazi ni wa kuhesabu kwa vidole. Sicily iko kaskazini, kama kilomita 90. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 hivi, lakini usidanganyike, kwa foleni za hapa kilomita 27 zinaweza kukula saa moja na nusu. Mto unaotiririka mwaka mzima hakuna. Ziwa hakuna. Sehemu ya juu kabisa, kule Dingli, ni mita 253.

Mabasi karibu yote yanaanzia Valletta, mji mkuu, nje kidogo ya lango. Mji huo ulijengwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, askari wa dini ya Kikatoliki waliotawala kisiwa, kuanzia 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuwazingira na kushindwa. Ukitaka Gozo panda 41 kutoka Valletta au 222 kutoka Sliema hadi Ċirkewwa, kisha kivuko, kama dakika 25. Nauli ya kivuko unalipa wakati wa kurudi, kwenda hakuna anayekudai. Mara ya kwanza nilidhani nimepita bila kuonekana!

Ukishapata kitambulisho omba kadi ya tallinja yenye jina lako. Tangu Oktoba 2022 wenye kadi hiyo wanapanda mabasi ya kawaida bure. Gari ni mkono wa kushoto kama kwetu, na soketi ni zile za pini tatu bapa, kwa hiyo chaja yako ya Tanga itaingia bila adapta.

Sasa swali la mama. Mwambie ni jamhuri. Walipata uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa tu baada ya Kenya, na jamhuri ikatangazwa Desemba 1974. Wamo Jumuiya ya Madola kama sisi, na Umoja wa Ulaya tangu 1 Mei 2004. Wanatumia yuro tangu 2008. Rais anachaguliwa na Bunge kwa miaka mitano. Sasa ni Myriam Spiteri Debono, aliingia Aprili 2024. Mwenye mpini ni Waziri Mkuu, Robert Abela, yuko hapo tangu Januari 2020. Alichukua nafasi ya Joseph Muscat, aliyeng'atuka baada ya maandamano yaliyotokana na mauaji ya mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia, aliyelipuliwa kwa bomu ndani ya gari lake tarehe 16 Oktoba 2017. Ukipita Valletta mbele ya mahakama utaona mishumaa na maua chini ya mnara. Ni yake. Usiiguse.

Vyama vinavyotawala kwa zamu ni viwili, Labour wekundu na Nationalist wabluu. Majimbo ni 13, kila moja linatoa wabunge watano, na mpiga kura haweki alama moja, anapanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Kwa hiyo hata mgombea wa chama chako ni mpinzani wako. Ndiyo maana wabunge hapa wanajua hata jina la paka wako. Mwaka 2022 walijitokeza zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura, na wenyewe wakalalamika kwamba watu wamekuwa wavivu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatupigi kura. Tunasubiri honi za washindi zikiisha ndipo tupite.

---

Kutoka: Mpishi
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Dada nampinga kidogo, kwa heshima. Jikoni kwetu St Julian's naweza kumaliza wiki sijasikia Kimalta. Mpishi mkuu Mtaliano, wa kukata mboga Mnepali, wa sahani Mkolombia, mapokezi Mserbia. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 519,562, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa mgeni. Kwa kazi za hoteli, Kiitaliano kina faida kuliko Kimalta. Ila kwa wazee, sawa, nakuachia.

Nilichokuja kusema ni nyumba, maana hapo ndipo tunapoumia.

Mosi, mkataba wa kupanga lazima mwenye nyumba ausajili kwenye Housing Authority, mamlaka ya nyumba ya serikali. Ni sheria tangu Januari 2020. Akikwambia "tuelewane tu," aga uende.

Pili, ankara ya maji na umeme. Kuna bei mbili. Iliyoandikwa Residential ni nafuu, na inazingatia idadi ya watu waliosajiliwa humo. Iliyoandikwa Domestic ni ghali, ya nyumba ambayo kwenye vitabu haina mkazi wa kudumu. Mwenye nyumba wangu wa kwanza hakutusajili. Tulikuwa wanne, tukalipa Domestic miezi kumi na moja, na kila mwezi naambiwa ni kwa sababu sisi Waafrika tunapika sana maharage. Maharage! Siku nilipoishika ankara yenyewe mkononi, badala ya picha yake kwenye simu, nikaona juu pameandikwa mtu sifuri. Wanne sisi, tunaoga na kupika, na kwenye karatasi hatupo. Ipo fomu inaitwa Form H ya kubadilisha idadi ya wakazi. Isainiwe siku mnayosaini mkataba, si kesho yake.

Tatu, kibali chako kina jina la mwajiri. Ukigombana naye usiondoke kwa hasira. Tafuta mwajiri mpya, aombe kibali kipya, ndipo ufunge begi.

---

Kutoka: Mama wa Gozo
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mimi niko Gozo, mtu wa Bukoba, nitasema machache.

Kama wewe ni Mkatoliki, nenda Misa ya Kimalta hata kama huelewi. Salamu Maria yao inaanza "Sliem għalik, Marija." Katika Baba Yetu, ufalme wako uje ni "tiġi saltnatek," usultani huo. Dhambi ni dnubiet. Bwana ni Mulej, kama Mola. Nilijifunza Kimalta kwa rozari ya wazee wa kijiji changu kabla ya kuingia darasa lolote.

Tarehe 10 Februari ni sikukuu ya kuzama kwa jahazi la Mtakatifu Paulo. Ndicho kisiwa kile ambacho Biblia yetu ya zamani inakiita Melita. Mwambie mama, atafurahi, atajua unakwenda mahali panapojulikana.

Majira ya joto kila parokia ina festa, yaani sikukuu yake, na fataki zinaanza asubuhi, mchana kweupe. Wiki yangu ya kwanza nilijificha chini ya meza.

Baridi ya hapa haina theluji lakini inaingia mifupani. Nyumba ni za mawe ya chokaa, hazina joto la kati. Januari nilitoa viatu chini ya kitanda nikakuta vimeota ukungu wa kijani kama mkate wa wiki mbili. Nunua mashine ya kunyonya unyevu kabla ya kununua hita.

---

Kutoka: Binti wa Tanga
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Jamani asanteni. Nimemsomea mama yote. Melita ameikuta mwenyewe, Matendo ya Mitume 28, ameweka alama ya uzi. Baba yeye amebaki kwenye kura za namba, anauliza kama vyama ni viwili tu na kisiwa ni kidogo hivyo, majirani wanaishije?

Maji ya bomba yananyweka? Na blanketi nibebe?

---

Kutoka: Dada wa Mosta
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mwambie baba wanaishi, lakini si kwa urahisi. Kwetu wodini wapo wazee wawili, mmoja ana picha ya Dom Mintoff juu ya kitanda, yule waziri mkuu wa Labour wa miaka ya sabini. Mwenzake ni wa bluu tangu tumboni. Wamekula meza moja miaka mitatu na hawajasalimiana. Chumvi wanapitishiana kupitia kwangu. Mwaka jana yule mwenye picha aliugua akalazwa hospitali ya Mater Dei siku tisa, na yule wa bluu kila chakula cha mchana ananiuliza, bila kunitazama, "U dak?" Na yule? Aliporudi, nikadhani sasa wataongea. Wapi! Chumvi ikaendelea kupita kwangu.

Wewe wakikuuliza rangi yako, sema unapenda kijani.

Maji ya bomba ni salama. Mengi ni ya bahari yaliyochujwa chumvi, na yaliyobaki ni ya chini ya ardhi, kwa hiyo ladha yake utaigundua kwenye chai. Wengi tunanunua ya chupa. Chupa tupu usitupe, kila moja umeilipia senti kumi, unazirudisha kwenye mashine nje ya maduka makubwa.

Blanketi acha, litakula kilo zako za mzigo, hapa yapo. Leta kanga, hata doti nne. Za kujifunga ndani, na za kuwafunika wazee miguu wakikaa uani. Wanazipenda rangi zake, na hukauka upesi hata Januari. Leta na iliki, ya hapa bei yake ni ya dhahabu.

Zamu yangu inaanza sasa hivi. Habari za benki nitakuandikia kesho.