r yangu imetoka −0.06, lakini kaka yangu anasema haiwezekani

binti_kadutu (Bukavu)
Jambo wakubwa. Niko mwaka wa kwanza, na kazi ya takwimu inaninyima usingizi. Tuliambiwa tutafute vigeu viwili vya namba na kupima uhusiano wao kwa r, kile kipimo kinachotoka −1 hadi 1, na 0 ikimaanisha hakuna mstari. Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mtaani Kadutu na kaka yangu anavua ziwani, kwa hiyo nikachukua daftari lake la usiku tisa: siku ya mwezi wa angani, kisha besheni walizoleta.

Siku 1: besheni 16
Siku 5: 9
Siku 8: 10
Siku 12: 5
Siku 15: 2
Siku 18: 6
Siku 22: 7
Siku 25: 13
Siku 29: 13

r = −0.06. Nikaandika "hakuna uhusiano". Kaka aliposoma alikasirika kweli: "Umekula sambaza tangu utoto, hujaona mbalamwezi ikiwaka mama anatoka sokoni mapema?" Nimerudia hesabu mara nne. Nani amekosea?

mwalimu_goma
Binti yangu, nimeirudia kwa kalamu, na hesabu yako ni sahihi. Kaka yako naye anasema kweli. Kilichokosea ni yale maneno mawili, "hakuna uhusiano". r inauliza jambo moja tu: je, nukta zimejipanga karibu na mstari ulionyooka, wa kupanda au wa kushuka? Uhusiano uliopinda unaipita pembeni.

Chukua karatasi ya miraba uweke nukta zako tisa kabla ya kugusa kikokotoo. Utaona bonde: linaanza juu, linazama siku ya 15, linapanda tena.

Sasa tazama r inavyolipoteza bonde hilo. Wastani wa siku ni 15, wa besheni ni 9. Siku ya 1 iko 14 chini ya wastani na besheni zake 7 juu: −14 × 7 = −98. Siku ya 29 inatoa 14 × 4 = 56, ya 25 inatoa 10 × 4 = 40. Upande wa kushoto unavuta chini, wa kulia unavuta juu. Ukijumlisha zote tisa unabaki na −20, ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na mtawanyiko wa namba zako.

Badala ya siku ya mwezi, andika siku ngapi zinautenga usiku huo na mwezi mpevu, yaani siku ya 15: 14, 10, 7, 3, 0, 3, 7, 10, 14. Piga r tena. Mimi nimepata 0.94.

mtu_wa_lushi
Mwalimu, samahani, hapo sijatulia. Huyu dada ameona jibu halimpendezi, akabadilishiwa namba, na jibu likapendeza. Mimi hapa Lubumbashi ningekatwa pointi.

mwalimu_goma
Ungekatwa kwa haki kama tungejaribu namba ovyo mpaka moja ikubali. Ila hapa sababu ilikuwa ziwani kabla ya daftari. Wavuvi wa Kivu huwasha taa usiku kuwavuta sambaza juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu, maji yote yana nuru na taa yao haivuti kitu. Kaka mtu alilijua hilo bila r. Hata hivyo una hoja: usiku tisa ni kidogo, na kipimo kipigwe upya kwa mwezi mwingine ambao hatujauona.

Na kuhusu kuchora, mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za namba, kila moja nukta 11, zote zikiwa na r ya karibu 0.82. Ukizichora, moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, moja imepinda, na moja inasimamishwa na nukta moja tu iliyo peke yake mbali. Nawachorea wanafunzi hizo nne ubaoni kila mwaka, kabla sijawapa fomula.

binti_kadutu (Bukavu)
Aksanti sana mwalimu, na wewe wa Lushi. Nimechora, bonde lipo wazi kabisa. Nilikuwa na shida na siku ya 5, iko chini kuliko majirani zake, nikamuuliza kaka. Anasema usiku ule upepo ulivuma, mitumbwi ikagongana, wakarudi kabla ya saa saba. Nimeiacha kwenye mchoro na kuandika hivyo pembeni. Mwezi mchanga ukiandama naanza ukurasa mpya, safari hii usiku wote.