Chuo kinasema kina ithibati. Ya nani? Na mwenye chuo ni nani?

MamaZaituni_Ohio

Wakuu, habari za majukumu. Mwenye uelewa wa vyuo vya huku Marekani anisaidie kabla ya Ijumaa.

Wifi yangu alikuja kwa bahati nasibu ya green card, tunaishi naye hapa Columbus, Ohio. Ni CNA (msaidizi wa manesi) kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na anataka asome unesi mpaka awe RN, nesi mwenye leseni kamili. Aliona tangazo Facebook akajaza namba ya simu, basi tangu hapo hatuna raha. Jamaa wa usajili anapiga asubuhi wifi akitoka zamu, anapiga mchana akiwa amelala. Siku hizi anamuulizia mpaka hali ya mama yake Morogoro.

Jana nimeukalia ule mkataba. Ukurasa wa mbele, herufi kubwa: chuo kina ithibati. Imetolewa na nani, hawasemi. Ukurasa wa nyuma, herufi za sisimizi: krediti zao (alama za masomo uliyomaliza) kupokelewa kwingine ni hiari ya hicho chuo kingine. Nikampigia jamaa, nikamuuliza chuo ni cha serikali au cha mtu. Akanijibu, "Sisi ni chuo kinachojali familia." Nikarudia swali, akanitajia tarehe ya mwisho ya kujiandikisha.

Mume wangu anasema dada yake ni mtu mzima, nimwache. Mimi naona deni likija litalala humu humu ndani.

Kipara_Mbagala

Mpelekeni Columbus State, chuo cha umma cha huko huko, uzi ufungwe.

NesiMkongwe

Dada, kama umenizidi umri, shikamoo.

Anza na mwenye chuo, hilo halifichiki. Idara ya Elimu ya Marekani ina tovuti ya College Navigator. Andika jina la chuo, utaona ni cha umma, binafsi kisichotafuta faida, au binafsi cha faida. Kisichotafuta faida kwa kawaida hujaza kila mwaka fomu ya kodi inayoitwa 990, na iko wazi kwa umma, mshahara wa mkuu wa chuo ukiwemo. Cha faida hakina fomu hiyo.

Ingawa hata hapo pana ubishi. Grand Canyon University ya Arizona ilitengana na kampuni yake mwaka 2018, ikasema sasa haitafuti faida, huku mkataba ukiipa kampuni ile ile asilimia 60 ya mapato ya ada kwa huduma zake. Watu wa kodi, IRS, waliwakubali. Idara ya Elimu ikawakatalia 2019. Wakaburuzana mahakamani, na 2024 mahakama ya rufaa ikasema Idara ilitumia kipimo kisicho sahihi. Sasa kama serikali yenyewe haikubaliani, wifi atajuaje kwa simu?

Ithibati nayo. Huku serikali kuu haitoi ithibati kwa chuo. Inatolewa na taasisi binafsi, na Idara ya Elimu huamua kuitambua taasisi hiyo au kutoitambua. Kwa hiyo jamaa anaweza kuwa anasema kweli na bado wifi asifike popote. ITT Tech, chuo cha faida, walikuwa na ithibati ya taasisi iitwayo ACICS, na kampasi kadhaa za Corinthian, wa faida pia, vilevile. Corinthian wakafunga milango Aprili 2015, ITT Septemba 2016. ACICS wenyewe wakanyang'anywa utambuzi 2016, wakarudishiwa 2018, wakanyang'anywa tena 2022. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kufuta mikopo ya watu 560,000 waliosoma Corinthian, dola bilioni 5.8. Hesabu mwenyewe watu wale walikaa na deni muda gani.

Kwa Ohio, jina la kutafuta kwenye ithibati ya chuo kizima ni HLC, mojawapo ya taasisi hizo. Krediti za huko kwa kawaida zinapokelewa kwingine, za taasisi nyingine nyingi zinagonga ukuta. Tena HLC siyo ushahidi kwamba chuo si cha faida, University of Phoenix ni cha faida na wanayo.

Kisha unesi una mlango wake. Programu ya hapa Ohio lazima iwe imeidhinishwa na Bodi ya Unesi ya Ohio, la sivyo hakai NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi. Juu yake tafuta ACEN au CCNE, taasisi za ithibati ya programu za unesi, maana hospitali za maveterani zinadai programu yenye ithibati. Bodi inatoa hadharani matokeo ya NCLEX kwa kila chuo. Mimi hiyo ndiyo naisoma, brosha namwachia jamaa.

Ashura_ZamuYaUsiku

Mnavitia vyote kapu moja jamani. Mimi nimesoma cha faida hapa hapa Ohio. Columbus State nilikuta foleni, nina watoto wawili, na wale walikuwa na madarasa ya jioni. NCLEX nimepita, kitambulisho changu kimeandikwa RN na mgonjwa hajawahi kuniuliza nilisoma wapi. Ila niliangalia matokeo ya Bodi kabla sijasaini. Bei sitaki kuitaja. Wifi aombe gharama yote mpaka kumaliza, kwa maandishi. Wakimpa ya muhula mmoja, aondoke.

Mdau_Kinondoni

Niongezee kwa wenye ndugu wa viza ya F-1, ya mwanafunzi. Zile nafasi 20,000 za viza ya kazi ya H-1B za wenye uzamili wa Marekani, sheria inataka chuo kiwe cha umma au kisichotafuta faida, tena chenye ithibati. Kijana wa jirani yangu alilijua hilo ameshavaa joho.

MamaZaituni_Ohio

Nimerudi. College Navigator: cha faida. HLC hawapo. Kwenye orodha ya Bodi ya Unesi nimetafuta jina mara mbili tatu, hakuna. Nikarudi kwenye mkataba, kumbe kozi imeandikwa sayansi ya afya. Unesi umo kwenye tangazo la Facebook tu! Wifi mwenyewe kasoma, kaguna.

Nimemwandikia jamaa barua pepe anitajie taasisi ya ithibati na gharama yote. Amejibu kwa kupiga simu.

Ashura, foleni ya Columbus State bado ipo? Akisubiri anaweza kuanza na masomo gani?

Ashura_ZamuYaUsiku

Foleni waulize wenyewe, inabadilika. Anatomia na masomo ya jumla aanze nayo, ni sharti la kuingilia hata hivyo. Na ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, mwenye green card anaruhusiwa. Pell, ruzuku ya serikali, kwa mwaka wa masomo 2025/26 inafika dola 7,395, hairudishwi. Lakini ina kikomo cha mihula 12 maisha yote, akiianza kwa yule jamaa ile iliyotumika haimrudii hivi hivi. Simu ya jamaa aiblock.